Daraja na Kidato: Historia Fupi ya Ligi ya Mpira ya Wanawake, Ikitazamwa Kutoka Mwakitolyo

Mgeni ajifunzaye Kiswahili, akisikia katika redio kwamba timu fulani "imepanda daraja", huenda akajiuliza daraja hupandwaje, maana madaraja ayajuayo yeye huvukwa. Jawabu lake si gumu. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kipandio, yaani hatua moja ya ngazi, na kutoka hapo likapata maana ya cheo. Sisi tulilipokea pamoja na maana hizo, kisha tukalitumia pia kwa kitu cha kuvukia mto. Watu wa mpira walipohitaji neno la kupanga timu kubwa na ndogo waliishika ile maana ya kale, nasi twasema Daraja la Kwanza, la Pili, la Tatu, mpaka la Nne. Neno "kidato" limepita njia iliyo karibu na hiyo. Asili yake ni pengo alikatalo mkwezi katika shina la mnazi apate mahali pa kutia mguu. Shule zikalichukua kwa miaka ya masomo ya sekondari, na leo mtoto wa bara asiyepata kuuona mnazi hutaja kidato cha pili au cha nne bila kufikiri mti wo wote.

Maneno haya mawili nimeyatanguliza kwa sababu yatanifaa katika habari nitakayoieleza, nayo ni habari ya ligi ya mpira wa miguu ya wanawake katika Tanzania Bara na mahali pake katika mpango mzima wa ligi. Wengi walioandika juu yake wameitazama kutoka Dar es Salaam, mahali ambapo vikombe hutolewa. Mimi napenda kuitazama kutoka chini, kutoka Mwakitolyo.

Mwakitolyo ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, nayo yajulikana kwa machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hata jina lenyewe latuambia tuko Usukumani, kwa sababu majina ya mahali yaanzayo kwa Mwa- ni mengi mno huko, na aghalabu hutaja makao ya mtu au ukoo. Iko katika ule ukanda wa dhahabu ambao Wajerumani waliugundua upande wa Geita mwishoni mwa karne ya 19, ambao mgodi wake mkubwa wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na ambao ulirudiwa tena na makampuni makubwa kuanzia mwaka 2000. Kati ya makampuni hayo wamejaa wachimbaji wadogo, na wachimbaji hao wana msamiati wao. Shimo huitwa duara. Mashine ya kusaga mawe huitwa karasha. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una dhahabu kidogo, huitwa marudio. Mahali pa kuoshea na kuchenjulia huitwa mwalo, neno ambalo wavuvi wa Ziwa Viktoria hulitumia kwa mahali pa kupakulia samaki. Dhahabu imelivuta kutoka ufukoni hadi penye vumbi.

Tuanze na wanaume, maana bila wao hatuna kipimo. Mpira wa miguu uliingia pwani yetu na wamisheni na mabaharia mwishoni mwa karne ya 19. Vilabu viwili vikubwa vya Dar es Salaam vilianzishwa mwaka 1935 na 1936. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, liliwapokea Watanganyika mwaka 1945 na Wazanzibari mwaka 1949. Ligi ya taifa ya wanaume haikuanza mpaka mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Ninachotaka msomaji akitazame ni utaratibu wa miaka hiyo: kwanza palikuwa na timu za mitaa na za kazini, kisha mashindano ya miji, kisha timu ya nchi, na mwisho ligi ya taifa ikawekwa juu ya vitu vilivyokuwapo tayari. Ligi ya wilaya na ya mkoa hazikubuniwa ili kuilisha ligi kuu. Ligi kuu ndiyo iliyozikuta.

Katika nchi ya Shinyanga twaweza kuona jinsi jambo hilo lilivyofanya kazi. Mwadui ilikuwa timu ya mgodi wa almasi ambao Williamson aliugundua mwaka 1940. Stand United ilitoka kwa watu wa kituo cha mabasi cha mji wa Shinyanga, na jina lake bado lanuka moshi wa magari. Nayo ilipanda hata ikacheza Ligi Kuu kuanzia mwaka 2014 hadi 2019. Geita Gold, timu ya mji wa dhahabu, ilicheza Ligi Kuu kutoka msimu wa 2021/22 mpaka ilipoteremka mwaka 2024. Mgodi, stendi, mji: kila mahali wanaume walipokusanyika kwa kazi palizaliwa timu, na kila timu ilikuta ngazi imekwisha simama. Kijana wa Mwakitolyo aliye hodari aweza kuzihesabu hatua zake: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha madaraja mawili ya taifa, kisha Ligi Kuu. Ni wachache mno wazimalizao zote, lakini zaweza kuhesabika.

Habari za wanawake zilikwenda kinyume. Wala si kwetu tu. Huko Uingereza, nchi iliyotuletea mchezo huu, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr cha mji wa Preston walicheza Desemba 1920 mbele ya watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park. Mwaka uliofuata chama cha mpira cha Uingereza kikavikataza viwanja vyake visitumiwe na wanawake, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai, na katazo hilo lilidumu hadi miaka ya 1970. Brazili nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1941 hadi 1979. Basi katika miaka ambayo shule za kikoloni zilikuwa zikigawa michezo kwa watoto wetu, walimu waliotoka Uingereza walikuwa wametoka katika nchi ambamo mpira wa wanawake umefukuzwa viwanjani. Wavulana walipewa mpira wa miguu, wasichana wakapewa netiboli.

Hapa lugha imetunza ushahidi mzuri. Twasema "mpira wa pete", "mpira wa wavu", "mpira wa kikapu". Kila mmoja una kitambulisho chake. Lakini mtu akisema "mpira" tu, au "naenda mpirani", hakuna atakayeuliza ni upi. Vivyo hivyo, asemaye "Ligi Kuu" bila kuongeza neno amesema ligi ya wanaume, na ile nyingine hatuna budi kuiita "Ligi Kuu ya Wanawake". Nalitaja jambo hili kwa sababu sarufi yetu haitulazimishi. Kiswahili hakina jinsi kama Kifaransa au Kiarabu. "Mchezaji", "nahodha", "mwamuzi", "mlinda mlango", yote hayajui kama mtu ni mume au mke, na kiambishi a- cha kitenzi hakisemi lo lote. Lugha imeacha mlango wazi, ni mazoea ya wasemaji yaliyoufunga. Katika machimbo mambo ni yale yale. "Mchimbaji" ni neno la wote, lakini wanawake walipounda chama chao mwaka 1997, TAWOMA, ilibidi kiitwe cha wachimbaji wanawake. Sijapata kusikia chama cho chote cha wachimbaji wanaume.

Tuirudie tarehe. Zanzibar walitangulia kwa namna yao: timu ya Women Fighters iliundwa mwaka 1988, na filamu iliyotengenezwa na Florence Ayisi mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens, iliwaonyesha walimwengu wanawake hao. Bara, wasichana wa mitaa ya Dar es Salaam, kama wale wa Mburahati, walikuwa wakicheza bila ligi ya taifa ya kuwahesabia pointi. Kombe la Dunia la wanawake la FIFA lilikwisha kuanza mwaka 1991 huko China, na kila nchi mwanachama ilitazamiwa iwe na timu. Tanzania ikaunda timu ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaitwa Twiga Stars. Mwaka 2010 timu hiyo ilifika fainali za Afrika katika Afrika Kusini. Ilishindwa michezo yake yote mitatu, miwili kati ya hiyo kwa tofauti ya bao moja moja. Nadhani hatujalistaajabia vya kutosha jambo hilo: timu ya taifa isiyo na ligi ya taifa ilisimama mbele ya Wanigeria na Waafrika Kusini, ikafungwa na wenyeji 2 kwa 1.

Ligi yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 2015 yalifikia kilele mashindano ya Kombe la Taifa la Wanawake, yaliyochezwa na timu za mikoa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ikaanza Ligi Kuu ya Wanawake, timu 12 katika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa na timu za pwani na za Dar es Salaam, na la pili lilikuwa na timu za bara kama za Mwanza, Kigoma, Kagera, Dodoma, Singida na Iringa. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu ligi ya wanaume. Tazama sasa utaratibu: kwanza timu ya taifa, kisha timu za mikoa, kisha ligi kuu, na baada ya ligi kuu ndipo likatafutwa Daraja la Kwanza la kuipandishia timu, na chini ya hilo Ligi ya Mabingwa wa Mikoa kwa wanawake. Nyumba ilianzwa kwa paa. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu waliofanya kazi hiyo. Pengine bila paa hakuna ambaye angetoa fedha ya kuta.

Wala paa hilo si bovu. Bingwa wa kwanza, mwaka 2017, hakuwa timu ya jiji wala ya klabu kubwa, bali Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Mkoa wa Pwani kando ya barabara iendayo Morogoro. Baada ya hapo ubingwa ulichukuliwa na JKT Queens, kisha Simba Queens mara tatu mfululizo, mwaka 2020, 2021 na 2022. Mwaka huo wa mwisho Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake huko Morocco, wakashika nafasi ya nne. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wasichana walio chini ya miaka 17 waliwafunga Wafaransa 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia huko India, wakaingia robo fainali. Twiga Stars wenyewe walirudi fainali za Afrika zilizochezwa Morocco mwaka 2025, wakaenda sare na Afrika Kusini. Matunda haya yalikuja katika miaka isiyofika kumi tangu ligi ianze.

Nimetaja majina ya timu, na mwanafunzi wa lugha hawezi kuyapita kimya. Simba Queens, JKT Queens, Mlandizi Queens, Yanga Princess, Alliance Girls, Serengeti Girls. Hata timu ya Bara katika mashindano ya CECAFA, iliyochukua kombe mwaka 2016 na 2018, iliitwa Kilimanjaro Queens, na ile ya wanaume ni Kilimanjaro Stars. Kwa nini watu wenye maneno "malkia" na "binti", tena wakazi wa nchi ambayo imefanya Kiswahili lugha ya taifa, wakaazima Kiingereza? Wengine watasema ni mtindo tu, na kweli vilabu vya wanaume navyo vina "United" na "Stars" zao. Mimi naona sababu nyingine pia. Jina la klabu ya wanaume hutaja mahali, mnyama au kazi, na halina haja ya kutaja mwanamume. Klabu ya wanawake yataka kubaki na jina lile lile, ili ibaki na watu wale wale washangiliao, lakini pia yataka kujitenga. Kiswahili hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo. Hatuwezi kuigeuza "Simba" iwe ya kike kwa herufi moja. Basi neno la Kiingereza likaletwa kuwa kama kiambishi tamati. Majirani zetu wamefanya hivyo hivyo: Kenya wana Harambee Starlets, ambamo nyota zimefanywa vinyota, na Wazambia wana Copper Queens. Katika hayo yote jina nilipendalo mimi ni Twiga Stars. Twiga hana jinsi katika jina lake, tena ni mnyama atazamaye kutoka juu.

Jambo lenye uzito zaidi ni asili ya timu hizi. Nikizipanga kwa mahali zilipotoka, naona chemchemi tatu kubwa. Ya kwanza ni jeshi, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Ya pili ni shule na vituo vya kulea wachezaji, kama Alliance ya Mwanza na Fountain Gate. Ya tatu ni vilabu vikubwa vya wanaume, na chemchemi hii iliongezwa maji wakati Shirikisho la Soka la Afrika lilipoagiza, kuanzia msimu wa 2022/23, kwamba klabu itakayo kucheza mashindano yake ya wanaume sharti iwe na timu ya wanawake. Timu za namna ya Mlandizi, zilizotoka kwa watu wa mji wenyewe, ni chache. Na chemchemi iliyozaa timu za wanaume katika nchi ya machimbo, yaani kazi, haipo kabisa katika hesabu hii. Ukanda wa dhahabu uliwakilishwa na timu ya Geita katika Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24, lakini hiyo nayo ilikuwa dada wa timu ya wanaume, haikuzaliwa mwaloni.

Wala wanawake hawakosi kazi Mwakitolyo. Katika machimbo yetu wao ndio waponda mawe, waoshao mchanga, warudiao marudio, wauzao chakula kwa wachimbaji. Wengi huzuiwa wasilikaribie duara kwa imani kwamba dhahabu itakimbia. Lakini tazama tofauti. Wachimbaji wa kiume hufanya kazi kwa zamu, na baada ya zamu kuna saa ambayo ni yao. Hapo ndipo mpira uchezwapo, mpaka jua lizame. Mwanamke wa mwaloni akiacha karai hushika sufuria. Timu haianzi na mpira wala jezi, huanza na saa iliyo wazi ambayo watu kumi na mmoja wanayo kwa pamoja.

Hata hivyo wapo wanawake wengi huko waliopata kucheza, na hapa narudi kwenye kidato. Msichana wa kijijini huujua mpira shuleni. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, yana mpira wa wasichana, tena yana ngazi iliyo kamili: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Hii ndiyo ngazi ya pekee ya mpira wa wanawake ambayo kipandio chake cha kwanza chafika mpaka Mwakitolyo. Ilipata kukatika, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Na kama twauliza kwa nini ligi ya wanawake ilichelewa, miaka hiyo haina budi kuingia katika hesabu. Mara nyingi nimezungumza na wanawake wa nchi ile juu ya michezo ya utotoni, nami nimeona kwamba mwanamume akisimulia mpira wake hutaja daraja, kwamba alicheza la tatu, au alikaribia la pili. Mwanamke hutaja kidato. Alicheza hadi la saba, au hadi kidato cha pili, au hadi cha nne, kisha akaacha. Hasemi alishindwa wala aliumia. Aliacha mpira siku aliyoiacha shule, kwa sababu vyote viwili vilikuwa mahali pamoja.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale waionao ligi ya wanawake kuwa nakala ndogo ya ligi ya wanaume, inayongoja tu kukua. Mtoto wa kiume wa Mwakitolyo akimaliza shule huhama kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na zote mbili zagusa ardhi. Dada yake amalizapo, ngazi ya pili haikufika chini. Huanzia mkoani. Ili apande ni lazima kwanza aondoke: achukuliwe na kituo cha Mwanza au Dodoma akiwa bado mwanafunzi, au aandikishwe jeshini. Kwa hiyo umri wa kuonekana kwake ni mfupi kuliko wa kaka yake, labda miaka mitatu au minne, na kama katika miaka hiyo timu ya shule yake haikutoka katika kata, hakuna jicho litakalomwona. Kila nisomapo kwamba mchezaji fulani "aligunduliwa" katika mashindano ya shule nakumbuka kwamba neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa dhahabu, na kwamba katika machimbo kilichogunduliwa ni kidogo sana kuliko kilichomo.

Mwaka 2021 madaraja ya wanaume yalibadilishwa majina. Daraja la Kwanza likawa Championship, na la Pili likawa First League. Siku hizi yale maneno ya kale husikika zaidi kwa wazee, na kwa watu wa ligi za mikoa na za wilaya ambako la Tatu na la Nne bado yanasemwa. Kwa wanawake hakuna la Tatu wala la Nne la kubadilishiwa jina. Timu ya wanawake itakayoundwa Mwakitolyo itasajiliwa kwa chama cha wilaya, kisha itatakiwa kumpata bingwa wa mkoa kwa kucheza na timu nyingine za mkoa, na mkoa wenye timu moja hauna ligi, una mwakilishi tu. Timu ya pili ingeweza kutoka Mwadui, au Solwa, au katika mialo ya upande wa pili wa kijiji chenyewe. Ikipatikana hiyo ya pili, hata kama zitachezea mbuzi, hapo ndipo Daraja la Nne la wanawake litakapokuwa limeanza.